Tope la Chini ya Shimo

Mbinya hakuwa mtu wa uchafu. Kila asubuhi alikwenda kwenye mto wa mchanga karibu na Ikutha. Alisogeza miiba aliyozungushia shimo lake la maji, lililochimbwa mchangani, ili mbuzi wasiingie, akachota maji ya juu na kuyamwaga. Kisha alingoja maji mengine yapande, maangavu na matamu. Hata hayo aliyachemsha. Bado bintiye Kalekye, wa miaka minne, alilia tumbo kila mara. Alikuwa amepauka, na sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, aliiangalia tu. Mbinya aliogopa sana, maana mtoto ni huyo mmoja.

"Maji haina shida," mumewe Mulinge alisema. "Mchanga unachuja kila kitu. Hata nyanya yangu alikunywa hapo."

Mulinge alikuwa fundi wa betri. Kibanda chake kilikuwa ukingoni, juu kidogo ya shimo. Alipasua betri kuukuu za magari na za sola, akamwaga asidi mtoni na kuosha vipande hapo hapo. Mchanga ulikunywa yote haraka, naye akauamini.

Siku moja alifika Naila, mpimaji wa maji kutoka Kitui mjini. Alivaa glavu, akasuuza chupa, akajaza maji. Halafu akaingiza mkono hadi chini ya shimo, akachota tope.

Mbinya akacheka. "Madam, sisi hatunywi tope!"

"Najua, mama. Lakini maji ya mwaka jana yalishaenda. Tope bado liko hapa, na sumu hushika kwa tope."

Alichota pia kule juu, kupita kibanda cha Mulinge, na tena chini zaidi. Kwenye kila chupa aliandika mahali ilikotoka.

Majibu yalipotoka, Naila aliyaleta mwenyewe pale shimoni.

"Juu ya kibanda hakuna kitu. Kuanzia kibanda kushuka kuna madini ya risasi, yale mazito yaliyo ndani ya betri. Yako kwa tope, na yako kwa maji."

"Lakini mimi huchemsha!" Mbinya alisema.

"Kuchemsha kunaua viini, mama. Hii si kiini. Maji yanapungua kwa sufuria, lakini risasi inabaki. Huwezi kuiona, huwezi kuionja. Na mtoto mdogo ndiye inamuumiza zaidi. Inaharibu damu, hata akili."

"Na mchanga?" Mulinge aliuliza.

"Mchanga unashika takataka. Risasi ikiyeyuka kwa asidi, inapita."

Mulinge aliketi chini. Hakubishana, na huyo ni mtu wa kubishana hata na redio.

"Kwa hivyo ni mimi," akasema. "Nimemlisha mtoto wangu betri."

Naila hakumkaripia. "Mpelekeni hospitali leo apimwe damu. Shimo hili msichote tena. Na nguo zako za kazi zisiingie nyumbani."

Damu ya Kalekye ilikuwa na risasi. Daktari alisema dawa ya kwanza ni kukomesha sumu yenyewe, na mtoto ale vizuri. Mulinge alifukia shimo. Akachimba jingine kule juu, na hakuna aliyeonja maji yake kabla Naila hajayapima. Siku hizi hapasui betri. Huziuza nzima kwa wanunuzi wenye kibali. Kisha akafanya lililomuuma zaidi. Alikwenda boma kwa boma upande wa chini wa mto, akiwaambia majirani wasinywe maji yale, na kwa nini. Wengine walimtukana. Akaendelea na boma lililofuata.

Baada ya mvua Naila alirudi kupima tena. Alipokuwa akijaza chupa, Mulinge alimwita.

"Madam, usisahau tope."

Wiki hiyo hospitali ilikuwa imewaambia kwamba risasi katika damu ya Kalekye imeshuka. Mbinya alisikia, lakini moyo wake haukutulia. Jioni, Kalekye aligonga sahani yake tupu kwa kijiko, akamwita mamake.

"Mwaitu, niongeze muthokoi!"

Mbinya alimpakulia hadi ikajaa. Kisha akatoka nyuma ya nyumba, akalia kwa furaha.