Usipige Honi, Papa Amelala

Asubuhi sokoni Birere, mtu hasimami. Magunia ya maharage yanapita juu ya vichwa, beseni za samaki sambaza zinapita chini ya makwapa, na mwenye kusimama anasukumwa mpaka atembee. Ndiyo maana Asumini, aliyekuwa akikunja vikwembe, vitenge vyake vya kuuza, mezani, alimwona haraka yule kijana. Amesimama katikati ya njia kama nguzo ya umeme. Shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, viatu vimeshikwa na vumbi jeusi la volkano, na kidole chake kinagusa telefone, kinagusa tena.

Chukudu, baiskeli nzito ya mbao, ilikuwa inateremka na mzigo wa makala ya kupikia, na chukudu yenye mzigo haijui kusimama. Asumini alitupa kikwembe, akamvuta kijana kwa mkono wa shati. Ule mti ulipita palepale tumbo lake lilipokuwa.

"Papa, unatafuta kufa?"

"Niko natafuta areti," akasema, bado macho kwenye telefone. "Batu banapandia hapa taksi ya kwenda Katindo, ao ni pale mbele?"

"Hapa batu banapondwa na chukudu. Areti iko pale kwa mama wa maandazi."

Akagusa telefone mara moja, kisha ndipo akamtazama. Alitazama kitambaa cha zambarau kilichofungwa kichwani vizuri, akatazama jicho linalocheka huku mdomo umekaza. Akasahau kushukuru.

Jina lake lilikuwa Ismael, fundi wa telefone huko Mugunga. Alimweleza Asumini kazi yake kwa haraka, kama mtu mwenye habari ya harusi. Alikuwa anaumba ramani ya Goma nzima ndani ya telefone. Unagusa pale ulipo, unagusa pale unapokwenda, inakuonyesha taksi ya kupanda na areti ya kushukia. Na kama uko juu ya moto, pikipiki ya abiria, inafuatana nawe mpaka mlangoni. Akampa ajaribu. Asumini alipopitisha kidole, Birere ikafunguka chini ya mkono wake kama kitambaa kinachokunjuliwa: njia, msikiti, soko, na katikati nukta ndogo ya kijani.

"Hiyo ni nini?"

"Ni sisi."

Mteja wa vikwembe aliita mara ngapi sijui. Asumini hakusikia.

Toka hapo telefone zao hazikupoa. Ismael alipiga asubuhi kumuuliza jina la kona fulani, akapiga mchana kumwambia ameipata, akapiga jioni bila sababu. Asumini alimtania kwamba anaoa barabara. Yeye alijibu kwamba barabara hazina kitambaa cha zambarau.

Shida moja ilimsumbua Ismael. Ile sauti aliyoikuta tayari kwenye mashine ilikuwa ya mwanamke wa Ulaya, inasema kwa Kifaransa ugeuke baada ya mita mia mbili. Wamotari, madereva wa moto, walicheka mpaka wakashika matumbo. Nani anapima mita Goma? Goma tunauliza: ni karibu na kwa nani?

Siku Ismael alipoomba kumtembelea Asumini kwao Katoyi, ambako nyumba hazina namba, Asumini akafanya kama watu wote wa mji huu wanavyofanya. Alimtumia sauti, kipande kwa kipande. Ukifika pale Ernestine anapouzisha makala, roho yangu, kata kushoto. Usiendelee mbele, ni mawe ya volkano matupu. Ukiona bati la rangi ya bleu, punguza mwendo. Na kipande cha mwisho alikisema polepole, kwa maana Papa Nasoro, baba yake, dereva wa lori la njia ya Sake, huondoka alfajiri na kupumzika mchana:

"Umefika, roho yangu. Usipige honi, Papa amelala."

Ismael alifika bila kupotea hata kona moja. Asumini alimtokea mlangoni na kikwembe cha manjano, wakaongea kwa kunong'ona, mmoja ndani, mmoja nje, mpaka muezini akaita. Kijana alirudi Mugunga akiimba njiani, na si kwa mapenzi peke yake. Alikuwa amesikia sauti ambayo mashine yake ilikuwa inaikosa.

Hapo ndipo alipokosea. Alichukua vile vipande, akaviweka kwenye ramani, kila kimoja kwenye kona yake, bila kumwambia mwenyewe. Alitaka kumshangaza. Neno "roho yangu" alilikata kila mahali. Kwenye kile cha mwisho mkono ulikataa. Alijiambia atakikata kesho, na kesho akakisikiliza tena. Kisha akampa rafiki yake Kambere, motari, aijaribu siku moja. Kambere aliipenda, akawatumia wenzake wa parking, kituo cha moto. Wenzake wakawatumia wenzao.

Lori la Papa Nasoro liliharibika siku ya Jumatano. Akapanda moto mjini kurudi nyumbani, akaanza kumwonyesha motari njia.

"Muzee, keti tu," motari akasema, akigusa Katoyi kwenye telefone iliyofungwa kwenye usukani. "Hii inajua kuliko sisi wote."

Telefone ikaongea. Kwa Ernestine, kata kushoto. Mzee akainua kichwa. Bati la bleu, punguza mwendo. Mzee akashika bega la motari. Moto ikasimama mbele ya mlango wake mwenyewe, na sauti aliyoifundisha kusema "baba" ikasema pale, mbele ya majirani waliokuwa wanachota maji:

"Umefika, roho yangu. Usipige honi, Papa amelala."

"Rudilia," akasema Papa Nasoro.

Motari akarudilia, sauti ikasema tena. Mzee akashuka, akaingia, akavua viatu, akaketi. Akamwita binti yake.

"Kumbe mimi huwa nalala."

Baba hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema kwamba sauti ya mtoto wake inatembea kwenye mifuko ya wanaume wa mji mzima. Alisema kijana mwenye wazee hutuma wazee, hatumi mashine. Na mpaka ile sauti itoke Goma, asisikie jina la kijana yeyote nyumbani mwake.

Kesho yake sokoni wamotari walipita polepole mbele ya meza yake. "Roho yangu, tumefika?" mmoja akaita, wengine wakacheka. Asumini alivuta kitambaa mpaka kwenye nyusi. Ismael alipopiga, alipokea mara moja tu.

"Asumini, nisikilize—"

"Sauti ile nilikupa weye. Sikuipatia muji."

"Nilitaka ufurahi."

"Ungeniuliza, ningefurahi."

Akakata. Na Ismael, aliyekuwa na maneno mengi ya kujitetea, aliona kwamba hakuna hata moja linalosimama mbele ya hilo.

Chama cha wamotari kilikuwa kimemwahidi kwamba wiki ile ile kitaamua kama wanachama wote watatumia ramani yake. Bila sauti ile, ramani ilikuwa picha tu. Rafiki zake walimshauri angoje uamuzi upite, ndipo afute. Hakungoja. Alianza Mugunga, akaja Ndosho, Katindo, mpaka Birere, parking kwa parking, akiomba kila motari telefone yake, akifuta kwa kidole chake mwenyewe, akiomba msamaha kwa kosa lake. Wengine walimzomea. Wengine walimfanya aombe mara mbili. Shati lake jeupe likawa na rangi ya barabara.

Mbele ya chama, Janvier, mkubwa wao, aliuliza ile sauti nzuri imekwenda wapi.

"Ilikuwa ya mutu," Ismael akajibu. "Sikumuomba."

Janvier akasema basi arudi siku ramani itakapokuwa na sauti kama ile.

Asumini hakuyajua haya mpaka alipopanda moto ya Kambere kurudi Katoyi. Kambere hakutania. Alikuwa amerudisha ile sauti ya Ulaya, na kwa Ernestine ikawaambia waendelee moja kwa moja. Kambere, kwa mazoea, akatii kabla Asumini hajamzuia. Wakaishia kwenye mawe ya volkano, gurudumu la mbele limebanwa, na telefone ikasema kwa upole kwamba wamefika.

Asumini akacheka mpaka machozi. Ndipo Kambere, akichomoa gurudumu, akamweleza Ismael amefanya nini, na amepoteza nini. Asumini akatoa telefone palepale juu ya mawe, akampigia.

"Ismael."

"Niko."

"Huyu mama wa Ulaya atatuua. Niombe."

"Nikuombe nini?"

"Kile ulikosa kuniomba."

Akamwomba. Aliomba vibaya, maneno yanagongana, na Asumini akamwacha amalize yote. Akasema ndiyo, lakini atasema maneno anayoyachagua yeye. Na kona ya mwisho, ya kwao, si yake kuitoa. "Ile ina mwenyewe. Nitajaribu kumuongelesha. Nikikutumia, uiweke bila kuifungua."

Aliongea na baba yake siku nyingi kwa uvumilivu, akimpelekea chai, akisimulia habari ya parking moja baada ya nyingine, habari ya shati. Papa Nasoro alikunywa chai yake. Siku moja akanyoosha mkono. "Leta hiyo telefone."

Ijumaa, baada ya sala, moto tatu zilitoka Mugunga. Ya mbele ilimbeba Idriss, baba mdogo wa Ismael, na kanzu mpya na kofia ya nakshi. Ya pili ilibeba shangazi na zawadi zilizofungwa kwenye kikwembe. Ismael alikuja nyuma, shati jeupe. Hakuna aliyeuliza njia. Sauti ya Asumini, wazi na ya heshima, iliwapitisha Ndosho, ikawaambia kwa Ernestine wakate kushoto, na Ernestine mwenyewe akasimama juu ya makala yake kupiga vigelegele.

Mbele ya bati la bleu telefone ikanyamaza. Kisha kikasikika kikohozi cha mzee, na sauti nzito ya mtu asiyeamini mashine, anayeongea kwa nguvu ili ifike:

"Mumefika kwa Nasoro. Kama ni salamu, pigeni hodi. Kama ni juu ya binti, pigeni honi. Papa hajalala."

Idriss alimgeukia Ismael, akarekebisha kofia yake.

Moto zote tatu zikapiga honi.