Mkono Uliobisha Hodi

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Mtaalamu wa mazoezi alimvalisha mgonjwa kofia ya nyaya, akamwambia, "Pumzika, mzee. Usifikirie chochote." Kompyuta ilitaka kwanza kusoma ubongo uliotulia, ndipo ijifunze kumtambua akifikiria kufungua mkono, na glavu yenye mota imfungulie. Lakini kabla hajaambiwa afikirie, mkono wa kulia, uliokufa tangu kiharusi miezi minane nyuma, uligonga meza mara tatu.

"Karibu," mkewe akaitikia. Mazoea tu. Alikuwa anasinzia kitini, maskini, kwa kazi ya kumgeuza mumewe asipate vidonda.

Wakacheka. Mgonjwa hakucheka.

Wiki ile chumba cha mazoezi kikaanza kunuka udi ambao hakuna aliyeufukiza. Mtaalamu akaikodolea macho kompyuta, akateremsha sauti.

"Mama, glavu nimeizima, na mkono bado unacheza. Halafu mawimbi haya ya ubongo... ni kama ya watu wawili."

Nyumbani mkono haukuhitaji kofia wala glavu. Ulishika kijiko ukamlisha mzee, ukamgeuza ubavu, ukachovya kitambaa kwenye maji ya sabuni ukamsugua taratibu, na mke, ambaye alishasahau usingizi wa saa mbili mfululizo, alilala akiusikia ukifanya kazi, huku mzee akiutazama kama mtu anavyomtazama mgeni asiyemjua aliyeingia chumbani kwake, jasho likimtiririka, na udi ukizidi mpaka ukawasha koo.

Wifi yake mke, dada wa mzee, ndiye aliyemleta mganga, mchana kweupe.

"Wewe ndiye uliyemkaribisha jini huyu alipobisha hodi," mganga akamnong'oneza mke. "Mwambie 'toka' mara tatu. Ataondoka."

"Na mkono?"

"Utarudi ulivyokuwa."

Mke akaugeukia mkono. "Toka." Mkono ukatetemeka. "Toka." Vidole vikalegea, kimoja kimoja.

Akaziona shuka chafu pembeni, beseni, na kile kitanda. Ya tatu hakuisema.

Mzee, ambaye hakuwa ametamka neno tangu augue, akapinda midomo kwa taabu. "Ma... malizia."

"Nisamehe, baba watoto," mke akasema, machozi yakimtoka. "Nimechoka."

Mkono ukainuka polepole, ukamziba mzee mdomo.

Mke akaenda kulala.