Honi Getini

Huyu rafiki yangu ni fundi magari, na si mtu wa porojo. Alinunua bodi tupu ya gari la spoti, lile la kujiundia mwenyewe nyumbani, akalichinja gari kuukuu la marehemu baba yake apate injini na vyuma. Mama yake mgonjwa aliuliza mara moja tu, "Sasa baba yako atarudi na gari gani?" Kisha akagoma kula na kusema. Siku tatu fundi alimbembeleza, kijiko mkononi, mpaka fundi mwenyewe akalia.

Jioni ya tatu umeme ukakatika, gereji ya uani alimokuwa akifungua vyuma ikawa giza totoro. Honi ikalia getini: milio miwili mifupi na mmoja mrefu, vilevile alivyopiga baba yake akitoka kazini.

"Mfungulie baba yako!" mama akaita kutoka chumbani.

Fundi hakusogea. Honi ya gari la baba yake alikuwa ameishika mkononi, nyaya zikining'inia.