Sauti ya Saba

Siku ile soko la Kasuku lilikuwa limefurika hadi barabarani. Ramla alikuwa barazani anakanyaga cherehani yake: mguu unakwenda, mkono unakwenda, na mdomo nao unakwenda na wimbo usio na maneno. Ulikuwa na sauti sita tu, tatu za kupanda, moja ya kusimama, mbili za kushuka. Aliuimba tangu utoto bila kujisikia, kama mtu anavyosafisha koo.

Kijana mmoja alikuwa anavuka njia na bafle kubwa la kupigia muziki kichwani. Aliposikia zile sauti, alisimama palepale, katikati ya pikipiki.

"We papa! Unataka kufa na muzigo yako?" dereva mmoja alimfokea.

Kijana hakugeuka. Alisogea hadi barazani. Shati lake jeupe lilipigwa pasi vizuri, lakini viatu vilikuwa vyekundu kwa vumbi.

"Mama, samahani. Ile wimbo umeitoa wapi?"

"Mama ya nani? Umeona mutoto mugongoni kwangu?"

"Basi dada. Dada mwenye kikwembe ya manjano, yenye ndege. Ile wimbo."

"Shusha bafle kwanza. Shingo yako itaingia mu tumbo."

Aliishusha, akapangusa jasho, akacheka. Ramla aliona pengo dogo kati ya meno yake ya mbele, na kwa sababu alikuwa mtu wa kutazama kwanza na kusema baadaye, alilitazama vizuri.

"Ni ya ile film ya merikebu ya nyota," kijana alisema. "Ya wakati wa vita. Miye ni Djamali, wa ng'ambo, Alunguli. Sijasikia mutu akiiimba tangu nikiwa mutoto."

Wakati wa vita mji wa Kindu ulikuwa umefungwa. Treni haikuja, chumvi ilinunuliwa kwa kijiko, na film ya maana ilikuwa moja tu, kwenye kaseti moja. Jumatatu ilionyeshwa Kasuku. Alhamisi ilivuka mto Lualaba kwa mtumbwi, imefichwa chini ya mihogo, ikaonyeshwa Alunguli. Ilikuwa ya Kiingereza, hakuna aliyeielewa. Kwa hiyo kila ukumbi ulikuwa na mufasiri wake, aliyeshusha sauti watu wa film waliposema, akasema yeye, kisha akaipandisha kwa muziki. Ndiyo maana watoto wa Kindu walimjua kila mtu kwa muziki wake kabla ya kuona uso wake. Tarumbeta zikilia, kapiteni mwanamke anakuja. Ngoma nzito, maadui. Na filimbi ya sauti sita ilikuwa ya fundi mzee wa mashine. Yeye alishuka kwenye nyota iliyokufa, akafunga mlango wa merikebu kutoka nje ili wenzake waondoke, akabaki peke yake. Hapo mashine ya video ilikuwa imekula kaseti. Picha iligeuka punje za mchele, na mwisho kila mufasiri aliumaliza kwa kinywa chake.

Mufasiri wa Kasuku alikuwa Youssouf, baba wa Ramla. "Musikilize filimbi," aliwaambia wanawake waliojaa ukumbini, ambao waume wao hawakujulikana walipo. "Hii ni ya mutu atakayerudi." Alhamisi moja yeye mwenyewe alivuka na kaseti. Hakurudi.

Hayo Ramla hakumwambia Djamali.

Djamali alifungua kibanda cha kupakia muziki na film kwenye simu, upande wa pili wa njia, hatua kumi tu. Kila asubuhi simu ya Ramla ililia.

"Allo, sheri, mupenzi wangu. Unaniona?"

"Nakuona. Sasa unapiga simu ya nini, na uko hapo?"

"Simu inafika mu sikio yako peke yake. Nikiita, inafika mu sikio ya soko nzima."

"Soko nzima imeisha kujua. Rekebisha kola."

Baada ya miezi minne aliacha mzaha. "Nitume wazee kwa nani?"

Ramla alikata uzi kwa meno. "Baba yangu hayuko."

"Alikufa?"

"Nimesema hayuko."

Hapo ndipo wachumba wawili waliotangulia walipogonga ukuta. Bibi-arusi hutolewa na baba yake. Baba akiwa amekufa, ndugu yake hukaa mahali pake mbele ya shehe. Baba mudogo Waziri alikuwepo, mzima, na kanzu yake safi. Lakini Ramla alikataa. "Mwenye kukaa mu kiti ya baba amesema baba amekufa," aliwaambia wote. "Miye sijasema." Hata matanga ya Youssouf hayakuwahi kulaliwa.

"Nitangoja," Djamali alisema.

Angengoja vizuri, kama isingekuwa ile Jumapili.

Mbele ya kibanda walikuwa wamekusanyika wote walioijua film ile, wanabishana kama kawaida yao, kila mtu anaimba kwa mdomo. Kitenge, dereva wa pikipiki, alikuwa anapiga ngoma kwenye bidoni, dumu tupu la mafuta.

"Tarumbeta si ya kapiteni, ni ya merikebu!" alisema. "Kapiteni akilala, tarumbeta inalia. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo anaota," Djamali alijibu, watu wakacheka.

"Na ile ya filimbi? Miye inanisumbua. Haiishi! Iko kama mutu amekatiwa maneno mu kinywa."

"Ile ya fundi? Ile ni ya musaliti," Djamali alisema. "Mzee Nestor, mufasiri wetu, alituambia: fundi aliuza wenzake. Ni kama yule mufasiri wa Kasuku, mwongo, aliyekimbia na kaseti. Tulimungojea pa bandari hadi jua likazama. Alituibia film!"

Kitenge aliangalia chini. Watu wa Kasuku walijua. Djamali peke yake hakujua.

Ramla alivuka zile hatua kumi taratibu.

"Yule mwongo ni baba yangu," alisema. "Alivuka ile Alhamisi. Kama mulimungojea, hata miye bado namungojea."

Djamali alipiga simu mara kumi na moja. Ramla aliziangalia zikilia, zikanyamaza. Kesho yake kibanda kilikuwa na kufuli. Kesho kutwa pia. Siku nane.

"Amekimbia," alijiambia. Alishona suruali ya mteja mguu wa kulia ukazidi wa kushoto, akafumua, akashona tena vilevile.

Siku ya tisa, asubuhi, simu ililia. Aliipokea bila kutaka.

"Usikate," Djamali alisema. "Nilikuwa kwa mzee Nestor, Alunguli. Macho yake yamekwisha, lakini akili iko. Na rafiki yangu wa Goma amenitumia ile film, nzima, na mwisho yake. Ya Kifaransa. Sijaiangalia."

"Uko wapi?"

"Nyuma yako."

Alikuwa amesimama barazani, shati limekunjamana, simu bado sikioni. Ramla hakucheka, lakini alimsogezea kiti.

"Nestor anasema..."

"Film kwanza," Ramla alisema. "Kifaransa yangu iliishia mu shule ya msingi. Unifasirie. Ukinidanganya neno moja, nitakujua."

Waliinamia ile simu ndogo, vichwa vinagusana, wakampita fundi, wakapita mlango, wakapita pale mchele ulipokuwa unaanza. Ramla alishika ukingo wa cherehani.

"Anarudi?"

Djamali alitikisa kichwa. "Hapana, sheri. Harudi. Amekufa kulekule."

Merikebu ilikuwa imezimika. Kando ya mashine kulikuwa na kigoda cha fundi, ambacho kila mtu alikikwepa. Kisha mpishi wa merikebu, yule mama mnene aliyeogopa hata kugusa taa, alivua aproni, akakaa juu yake.

"Anasema nini?"

"Anasema: 'Sijui kazi yake. Lakini kiti kikikaa wazi, wote tunakufa.'"

Filimbi ikalia. Tatu za kupanda, moja ya kusimama, mbili za kushuka. Halafu tarumbeta zote ziliingia na kuleta sauti ya saba, nene, ya chini, kama mtu anayetua mzigo mlangoni. Mashine ikawaka.

Ramla alisikia kifua chake kinashuka pamoja nayo. Miaka yote ile alikuwa ameimba sita.

"Rudisha nyuma," alinong'ona. Wakasikiliza mara tatu. "Fundi hakurudi, lakini wimbo umerudi," alisema mwishoni. "Baba hakujua Kiingereza, lakini masikio alikuwa nayo. Sasa sema ya Nestor."

"Ile jioni waliona mutumbwi umepinduka, na kofia ya baba yako inaelea. Sisi watoto tulikuwa pa maji, tunalilia film. Nestor akatuambia baba yako amekimbia na kaseti. Anasema mutoto mwenye hasira analala, mutoto mwenye kuogopa mto halali. Alisahau kurudisha ukweli. Anakuomba musamaha. Na miye pia, Ramla. Nilisema kitu nisichokijua."

Machozi yalimtoka Ramla, lakini yalikuwa mepesi, akayaacha yashuke. Kisha akachukua simu yake.

"Allo, baba mudogo? Shikamoo... Ndiyo, nalia, hapana, si mubaya. Tuweke matanga ya baba juma hii. Tumusomee... Ndiyo. Na ikiisha, upige kanzu yako pasi. Kuna watu wa Alunguli watakuja, na kiti ya baba haiwezi kukaa wazi."

Sauti ya mzee Waziri ikapasuka kwa nguvu hata Djamali akaisikia: "Mutoto yangu! Magoti yangu yamechoka kusimama!"

Ramla alicheka, akapangusa uso kwa ncha ya kikwembe.

"Umesikia?" alimwambia Djamali. "Nenda utume wazee. Na ile shati uache hapa, nikupigie pasi. Hauwezi kunioa umekunjamana."

Aliinamia suruali ya mteja, akaanza kukanyaga. Ng'ambo ya njia Djamali alikuwa anafungua kufuli, na Ramla alimsikia anapiga mluzi: sita. Alingoja kidogo. Kisha akamjibu ya saba.