Vidonge vya Siku Nzuri

Zamani, kaka yangu Hashimu akilima, kijiji chetu cha Bigwa kizima kilijua. Aliimba tangu jembe la kwanza mpaka jua la utosi. Jamani, raha iliyoje! Siku zile nazitamani mpaka leo.

Baba alipofariki, Hashimu aliugua. Hakulala. Aligawa kuku wetu wote kwa wapita njia, huku akicheka. Kisha akanyong'onyea, akajifungia ndani. Hospitali walisema ni baipola, ugonjwa unaopandisha hisia mno, kisha unazishusha mno. Alipewa vidonge, akapata nafuu, akaviacha. Alisema, mtu mzima ameze dawa wakati haumwi?

Ugonjwa ukarudi, tena na tena. Mara ya kwanza uliletwa na msiba. Mara ya mwisho ulitosha usiku mmoja wa kukesha ngomani. Na kila akipata nafuu, alisahau mengi zaidi, hata maneno ya nyimbo zake.

Kisha binti yake Shadya akaposwa. Watu wakaanza kunong'ona kwamba walii, mwenye kumwozesha binti, sharti awe na akili timamu. Bora aozeshe mdogo wetu Twalibu, walisema. Hashimu alisikia, akaumia sana. Nami niliumia.

Mkewe, wifi yangu Mwaisha, akamwita jirani yetu Paskalia, muuguzi wa wagonjwa wa akili. Hashimu alimuuliza kwa nini ugonjwa unazidi, na msiba ulishapita.

"Baba Shadya, mvua kubwa ikishachimba korongo shambani, inakuwaje?"

"Hata manyunyu hupita humo humo."

"Basi ubongo wa wagonjwa wengi ni hivyo. Kila ugonjwa unapolipuka, unaweza kudhoofisha mawasiliano ya chembe za ubongo. Baadaye jambo dogo tu linauamsha. Vidonge ni vya siku nzuri pia, korongo lisizidi."

Hashimu alilalamika kuwa dawa humfanya mzito. Paskalia akamwambia asiiache kimyakimya, akaseme kliniki. Akaenda, daktari akapunguza dozi. Akaanza pia kulala mapema, na Mwaisha akawa mkali kweli kuhusu usingizi.

Masika yakapita, mavuno yakapita, kaka yu mzima. Haimbi kama zamani. Sauti ile naikumbuka, sitaficha.

Siku ya ndoa, shehe aliuliza walii ni nani. Watu wakamtazama Twalibu. Hashimu akasogea mkekani, akaushika mkono wa bwana harusi.

"Ni mimi, baba yake," alisema, akamwozesha binti yake mwenyewe.