Mchicha Hauli Mchuzi

Mpishi wa kantini moja alikuwa na bidii iliyopita kiasi. Kila jioni alirudi na ndoo ya makombo: wali, mifupa, mchuzi na maganda. Alikwenda moja kwa moja uani, akayafukia yote kwenye mashina ya mchicha wa mkewe.

"Mume wangu, mchicha unageuka njano," mkewe alisema.

"Una njaa huo. Nitauongezea mchuzi."

Akauongezea kweli. Nzi wakaja. Panya nao hawakusubiri kukaribishwa. Mama mwenye nyumba, aliyeishi vyumba vya mbele, akatoka ameziba pua.

"Jamani, mnanifugia panya! Saruji ninayo. Uani hapa namwaga zege."

Mke alilia. Mboga za watoto wake zilitoka kwenye bustani ile.

"Mama, nipe nafasi," alisihi. "Ukiona panya tena, zege nitachanganya mimi mwenyewe."

"Haya. Nakutazama."

Mke akamwita jirani yao, mtaalamu wa kilimo. Jirani alichimbua kidogo, akanusa.

"Shemeji, makombo haya yana chumvi?" alimuuliza mpishi.

"Sana! Chakula bila chumvi kitanoga wapi?"

Jirani alicheka akashika mbavu. "Mchicha si mteja wako! Chumvi na mafuta vinauharibu. Nyama na mifupa vinaita panya. Hata maganda, lazima yaoze kwanza, mbali na mashina."

"Sasa tufanyeje, dada?" mke aliuliza.

"Ondoeni uchafu huu wote. Tafuteni pipa lenye mfuniko, mlitoboe matundu madogo. Wekeni maganda ya mboga na matunda, na majani ya chai. Kila mara funikeni kwa majani makavu, tena mengi. Geuzeni kila wiki. Ukikamua mchanganyiko kiganjani, uwe na unyevu, maji yasichuruzike."

"Na likinuka?"

"Maji yamezidi. Ongeza majani makavu, geuza."

Baada ya wiki chache mpishi alitaka kupakua mbolea pipani. Mkewe akampiga kofi mkononi. "Subira, baba! Hii si sufuria."

Miezi ilipita bila panya kuonekana. Maganda yakawa mbolea nyeusi, laini, yenye harufu ya udongo. Mke akaichanganya na udongo, akapanda upya. Mchicha ukastawi, majani mapana.

Asubuhi moja mama mwenye nyumba alikuja na bakuli.

"Maganda ya viazi haya. Tia kwenye pipa lako."

"Asante, mama. Na ile saruji?"

"Nimempa kaka yangu. Hebu nichumie mboga, mwanangu."