Nani Amekaribisha?

Umeme ulirudi Miyuji jua likiwa la utosi, na Mwamvua, aliyekuwa akimnyonyesha mwanawe Hamida, akasikia mtu anapiga hodi barazani. Kabla hajafungua mdomo, mgeni alikwisha kujibiwa.

"Karibu ndani," ilisema mashine ya mayai, kwa sauti ya Mwamvua mwenyewe.

Alitoka na mtoto begani. Baraza lilikuwa tupu, na geti la bati limefungwa komeo kama alivyoliacha. Kilichokuwapo ni harufu ya udongo uliolowa mvua, na Dodoma ilikuwa haijaona tone tangu masika.

Mashine ile ilikuwa kazi ya mumewe, Nurdini, fundi kompyuta na mtu wa mzaha usiokwisha. Alitengeneza kabati la kutotolea vifaranga, akalifungia kompyuta ndogo ya mfumo wa Linux, ya kuenea kiganjani, ili ilinde joto. Kwa kuwa umeme wetu hukatika bila kuaga, aliipanga programu ijianzishe yenyewe kila kompyuta inapowaka, mtu asihitaji kubonyeza chochote. Na ili mkewe ajue huko jikoni kwamba mayai yako salama, programu ilianza kazi kwa kutamka maneno mawili, aliyomrekodi siku moja akipokea wageni. Siku hiyo walicheka mpaka machozi.

Umeme ulipokatika tena na kurudi, hodi ilipigwa sebuleni. "Karibu ndani," mashine ikajibu. Harufu ya mvua ikaenea mpaka jikoni, na tangu hapo Hamida akaacha kulia. Hakulia njaa wala mkojo. Alikodolea macho pembe ya dari, titi halitaki, na mwili ukawa unapoa.

"Baba Hamida, kuna mtu humu," Mwamvua alinong'ona.

"Mtu gani? Ile programu tu, mke wangu. Inasema ilichoambiwa."

"Na hodi je, nani kaiambia?"

Nurdini alikwenda kulitikisa komeo la geti.

Mara ya tatu Mwamvua alikuwa amejilaza na mtoto alasiri, joto limebana, feni ikaanza kuzunguka, na papo hapo hodi ikapigwa mlangoni pa chumba, taratibu, kwa adabu, naye akajiziba mdomo kwa kanga kwa sababu alifundishwa tangu udogoni kutoitikia hodi ya asiyemwona, akasikia sauti yake mwenyewe kutoka chumba cha pili, changamfu, ya mwanamke aliyefurahi kupata mgeni, ikisema "Karibu ndani", na pazia likainuka bila mkono, godoro likabonyea upande wa mtoto, na Hamida, baridi mikononi mwake, akamtabasamia mtu. Mwamvua alipiga yowe lililowatoa majirani.

Kesho yake Nurdini alimleta shangazi yake kutoka Kondoa, Bi Mwanahawa, anayejua kusomea watu.

"Shikamoo, shangazi," Mwamvua alisema.

"Marahaba. Nani amekaribisha?" Hata viatu hajavua.

"Wallahi sikumkaribisha mtu."

Nurdini alitazama sakafu, kisha akaeleza yote. Bi Mwanahawa alimwangalia kama mtu aliyeacha mtoto karibu na kisima.

"Umekiachia kitu kisicho na macho kipokee wageni? Kiondoe."

Nurdini alibonyeza vitufe. "Nimeufuta mstari unaoianzisha ile sauti. Ikiwaka sasa italinda joto tu, haitasema."

"Haya, mama," shangazi alimwambia Mwamvua. "Sauti ni yako, kwa hiyo wewe ndiye wa kumtoa."

Bi Mwanahawa alisoma, akanyunyiza maji pembe zote. Mwamvua alimkumbatia mwanawe. Aliogopa mno, lakini alisema.

"Toka. Mimi mwenye nyumba sikukukaribisha. Niachie mwanangu."

Pazia likainuka kuelekea nje. Geti la bati likagonga, harufu ikakatika. Hamida akaangua kilio, akalitafuta titi, na Mwamvua akalia naye kwa furaha.

"Atarudi kupiga hodi," Bi Mwanahawa alisema akiaga. "Asijibiwe tu. Akikosa mtu wa kumwitikia, atachoka."

Magharibi umeme ukakatika, ukarudi.

"Hodi," ikasemwa barazani.

Nurdini alimshika mkewe mkono. Taa ya kijani ya kompyuta iliwaka, na mashine ikakaa kimya kama alivyoahidi.

"Hodi," ikarudiwa, safari hii kwa kubembeleza. Hakuna aliyejibu. Mwamvua alishusha pumzi, akaanza kutabasamu.

Mkekani, Hamida, ambaye hajaota hata jino moja, alifumbua macho kuitazama taa iliyowaka.

"Karibu ndani," alisema, kwa sauti ya mama yake.